Bwana Hapana Kwenye Kikao cha Ndiyo

Jamani, huyu Elwood Krasny ninayetaka kuwasimulia alikuwa na kazi moja tu hapa duniani: kukataa.

Subirini, nianze vizuri. Alikuwa mpiga picha wa katuni. Los Angeles, mwaka arobaini na saba, studio ya ghorofa mbili nyuma ya duka la matairi. Bibi yangu Maxine alifanya naye kazi miaka kumi na minne, na haya yote yametoka kinywani mwake. Nimemrekodi kwenye simu, saa nzima na dakika kumi, ila nusu yake anacheka tu, husikii neno.

Sasa mtu akisikia "mpiga picha wa katuni" anadhani ni raha. Raha gani! Ni chumba kimoja cheusi, hakina dirisha. Kamera imening'inia juu, inatazama mezani kama mwewe anayetafuta kifaranga. Unaweka mchoro wa nyuma, tuseme ukuta na mlango. Juu yake unaweka plastiki angavu iliyochorwa mbuzi. Unashusha kioo kizito kuikandamiza isijikunje. Unabonyeza. Tik! Umepiga picha moja. Unainua kioo, unamtoa mbuzi, unamweka mbuzi mwingine aliyesogea kidogo tu, kama upana wa unywele, unashusha kioo, tik. Ukipiga ishirini na nne za hivyo umepata sekunde moja. Katuni ni dakika saba. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipiga nikachoka.

Na kile kioo kinaona kila kitu. Ukivaa shati jeupe, linatokea kwenye sinema. Kwa hiyo Elwood alivaa nyeusi kuanzia shingoni mpaka viatu, glavu nyeusi, na vifungo vya shati akavipaka wino. Akina dada wa kupaka rangi wa ghorofa ya juu walikuwa wanasema hatabasamu kazini kwa kuogopa meno yake yatatokea kwenye kioo. Bibi anasema huo ni uongo. Hata kantini hakutabasamu.

Bibi yeye alikuwa mkaguzi. Plastiki zote zilizopakwa rangi juu zilipita mezani kwake, halafu anazishusha kwa Elwood. Elwood akiona kasoro, plastiki inawekwa kwenye faili jekundu, na Bibi anapanda nayo ngazi kuirudisha ikapakwe upya. Kila siku. Ngazi thelathini na moja, alizihesabu.

"Maxine."

"Nini tena?"

"Namba mia mbili na sita. Kuna alama ya kidole."

"Wapi?"

"Pembe ya kushoto ya mbuzi."

"Elwood, hiyo pembe itaonekana muda mfupi kuliko mtu kupiga chafya."

"Sehemu moja ya ishirini na nne ya sekunde."

"Nani ataiona hiyo?"

"Mimi."

"Kwani wewe utakata tiketi?"

"Hapana."

"Hapana ya tiketi au hapana ya kidole?"

"Zote mbili."

Basi Bibi anabeba faili, anapanda. Huko juu wapo wanawake thelathini na brashi mkononi, na wakiona rangi nyekundu tu wanapiga kelele, "Bwana Hapana kasemaje leo?" Kuna mmoja alimchora Elwood kama punda anayetikisa kichwa, wakambandika juu ya beseni la kunawia mikono.

Niliwahi kumuuliza, "Bibi, mbona hukuolewa naye?" Akanijibu, "Mwanangu, mafaili mekundu ya kazini yalinitosha. Niolewe nayo tena nyumbani?" Akaenda zake kuolewa na daktari wa meno, babu yangu, mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu, na hiyo nayo ina shida zake.

Haya. Sasa siri ya Elwood. Elwood alitaka kuandika.

Hakutaka kuchora wala kuwa bosi. Alitaka kukaa kwenye chumba cha hadithi, pale ghorofa ya juu, wanapobandika michoro ukutani kwa pini na kubuni nini kitampata Clarence. Clarence ndiye alikuwa nyota wa studio, mbuzi mweupe, kinyozi, ana masharubu na aproni. Kwa miaka sita Elwood alikuwa anaandika hadithi za Clarence na kuzipenyeza chini ya mlango wa chumba kile. Shida ni namna alivyoziandika. Mtu amezoea kuhesabu picha maisha yake yote, unategemea nini? Aliandika hivi: "Mbuzi anafungua mlango, picha nane. Anaona dubu, picha nne. Anafunga mlango, picha sita. Anafikiri, picha ishirini. Anafungua tena." Basi. Hakuna "anashtuka kwelikweli", hakuna "watazamaji watavunjika mbavu". Ni picha na namba, mwanzo mpaka mwisho.

Mkuu wa hadithi alikuwa anaitwa Cornelius Babcock, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu. Alizirudisha kila mara zikiwa na maneno yaleyale pembeni: "Nimesoma. Sijajua kama nicheke au nikague hesabu."

Sasa sikia. Mwezi wa tatu mwandishi mmoja akaacha kazi, akaenda redioni. Kiti kikabaki wazi. Babcock akabandika tangazo kantini: anayekitaka kile kiti aje Jumatatu saa tatu asubuhi kwenye Kikao cha Ndiyo.

Hicho kikao ndicho kilikuwa mila ya pale. Kila hadithi mpya ilianzia hapo. Wanakaa kwa muda wa saa mbili, saa ya mezani imetegwa, na ni marufuku kukataa. Ukisema "hapana", nje. Ukisema "lakini", nje. Ukitikisa kichwa, ukiguna, ukikunja uso, nje, na mlango unafungwa. Babcock alikuwa anasema wazo likizaliwa ni kifaranga, halijaota manyoya, mkilipulizia baridi linakufa. Waliache lipate joto. Siku inayofuata ndiyo wanakaa kikao cha pili, na hapo kila mtu ruksa kupinga anavyotaka.

Elwood akaandika jina lake kwenye tangazo. La kwanza kabisa, kwa herufi ndogo.

Wee! Kantini ilicheka mpaka mpishi akatoka nje kuuliza kuna nini. Bwana Hapana kwenye Kikao cha Ndiyo? Samaki kwenda kuomba kazi jangwani! Wanawake wa kupaka rangi wakawekeana dau la pai. Dada mmoja mrefu, Philomena, akaweka pai ya tufaha kuwa hamalizi dakika kumi. Mwingine akaweka ya cherry kuwa hata kizingiti hakivuki, atakikataa. Walikuwa kumi na mmoja, wote wanasema hamalizi.

"Na wewe Maxine?"

"Anamaliza saa zote mbili," Bibi akasema.

"Utaoka pai kumi na moja peke yako?"

"Mtaoka nyinyi."

Alisema vile kwa kiburi tu, ananiambia. Moyoni alijua kashaliwa. Kwa hiyo akamvizia Elwood mchana, kwenye benchi nyuma ya duka la matairi, akaanza kumfundisha.

"Nitasema kitu, wewe unakubali na kuongezea. Sawa?"

"Sawa."

"Tumpake Clarence rangi ya zambarau."

"Kwa nini?"

"'Kwa nini' ni hapana iliyovaa kofia. Umeshatolewa nje. Tena. Clarence aishi baharini."

Elwood akatazama tairi. Akatazama mbingu.

"Elwood, uso wako!"

"Uso una nini?"

"Unakataa. Mdomo umefunga duka. Ulegeze."

Siku nne wakafanya vile. Ilifika mahali Bibi akamwambia, "Elwood, nikupikie supu ya nyanya, juu niweke aiskrimu?" Akafumba macho, akajibu kama mtu anayeng'olewa jino, "Ndiyo. Na pia... uniletee kijiko kirefu."

Bibi akamrukia shingoni. Elwood akamwambia angalia, una rangi kwenye kiwiko, itanichafua.

Jumatatu ikafika. Chumba cha hadithi kilipakana na meza ya Bibi, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba kama biskuti. Saa tatu kamili wanawake thelathini hawakuwa na kazi yoyote ya maana isipokuwa kubandika masikio kwenye biskuti ile.

Ndani walikuwa wanne. Babcock na saa yake ya mezani. Gorham, mwandishi mzoefu, mtu wa kelele, anaigiza kila mnyama mpaka anapanda juu ya kiti. Dwight Ames, kijana mchoraji msaidizi, nywele zinang'aa mafuta, naye anakitaka kile kiti. Na Elwood, kwa mara ya kwanza na shati la bluu, anaonekana kama mtu aliyeazima mwili.

"Clarence amefungua duka jipya la kunyoa," Babcock akaanza. "Nani anaingia?"

"Simba wa sarakasi!" Dwight akasema. "Anataka kupunguza manyoya, ila anaogopa sabuni!"

"Ndiyo!" Gorham akanguruma.

"Ndiyo," akasema Elwood. Dada Philomena akatazama saa. Dakika moja.

"Na dukani kuna kioo kikubwa!" akasema Dwight.

"Ndiyo, na kingine kimetazamana nacho!" Gorham akapanda kiti. "Si mnajua vioo vikitazamana? Clarence mmoja anakuwa kumi! Anakuwa mia! Mbuzi mia moja, wanarudi nyuma mpaka mwisho wa dunia!"

Sasa hapo, ndugu zangu, nataka mumwelewe Elwood. Mtu mwingine akisikia mbuzi mia anacheka. Elwood akisikia mbuzi mia anaona meza yake. Anaona ukiwaweka wote kwenye plastiki moja, akina dada watapaka mbuzi mia kwa kila picha. Ukiwagawa kwenye plastiki nyingi, unazipanga moja juu ya nyingine, na plastiki ikifika ya tano, ya sita, yule wa chini anafifia, weupe unakuwa rangi ya maji ya kudekia. Kila mshipa mwilini mwake ulikuwa unapiga kelele neno moja.

Kupitia ukutani walisikia koo lake likitoa mlio kama gari linalokataa kuwaka.

"Unasemaje, Krasny?" Babcock akauliza, taratibu.

Bibi akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Ndiyo," akasema Elwood. "Na pia... vioo viwe vinne."

"Vinne!" Gorham karibu aanguke.

Ananiambia Bibi, Elwood alikuwa na hesabu yake. Alidhani akiongeza upuuzi juu ya upuuzi, watashtuka wenyewe waseme jamani hii haiwezekani. Akasahau kuwa ndani ya chumba kile hakuna mtu aliyeruhusiwa kushtuka.

"Ndiyo, na kila mbuzi afanye jambo lake," akasema, sauti imeanza kupanda. "Huyu anapiga chafya, yule amelala."

"Ndiyo! Mmoja anasoma gazeti!"

"Ndiyo, na simba naye aingie kwenye vioo. Simba mia!"

"Huyu mtu ana moto!" Gorham akapiga kelele. "Mlikuwa mmemficha wapi? Kule shimoni?"

Na unajua nini? Utamu ukamwingia. Miaka kumi na moja pale studio mtu hajawahi kuambiwa ndiyo na mtu yeyote, leo anaambiwa na watu watatu kwa mpigo. Akasahau meza na plastiki, akasahau hata jina lake. Alitaja mpaka jogoo mwenye baiskeli. Saa ya mezani ilipolia alikuwa amesimama, shati limechomoka.

Huku nje dada Philomena alikaa chini. "Kamaliza," akasema. "Pai yangu."

Babcock akafunga daftari. "Hadithi ni yako, Krasny. Ikivuka kikao cha kesho, kiti ni chako. Isipovuka, tunarudi kwa Dwight na simba wake anayeogopa sabuni."

Elwood akatoka. Akamkuta Bibi mlangoni. Alikuwa anatabasamu, na Bibi anasema kweli meno alikuwa nayo, mazuri tu.

"Nimepata kiti, Maxine! Karibu nimepata kiti!"

"Nimesikia."

"Mbona umenuna? Umeshinda pai kumi na moja."

"Mbuzi mia, Elwood. Nani atawapaka rangi?"

"Akina dada."

"Nani atawakagua, mmoja mmoja, pembe mbili mbili?"

"Wewe."

"Nani atawapiga picha?"

Hapo tabasamu likaanza kurudi ndani polepole, kama kobe.

"Sikwambii cha kufanya," Bibi akasema. "Kesho ni siku ya kupinga. Mimi ni mkaguzi tu, kazi yangu kutazama." Akachukua brashi ya mtu hata si yake, akajifanya anafanya kazi.

Sasa ona mtego huo. Wale waandishi hawakujua lolote la kamera. Kwao plastiki ilikuwa plastiki. Kwenye kikao cha kesho hakuna ambaye angepinga, isipokuwa mtu mmoja aliyejua, na mtu huyo ndiye mwenye hadithi. Akinyamaza, kiti ni chake. Mbuzi watatoka wa kijivu, lawama zitaanguka chini kwa kamera, na wanawake thelathini watapaka mbuzi mpaka Krismasi. Akisema, anaua hadithi yake kwa mkono wake, na kitini anakaa Dwight na mafuta yake ya nywele.

Jumanne, saa tatu, masikio yakarudi ukutani.

Gorham akasimulia hadithi nzima upya, kwa miguno na miruko. Vioo vinne, mbuzi mia, simba mia, jogoo. Wakacheka wote. Babcock akauliza, "Nani ana pingamizi?"

Kimya.

"Dwight?"

"Mimi sina," akasema Dwight, kama mtu anayemeza limau zima.

"Basi kama hakuna..."

"Mimi ninalo," akasema Elwood.

"Hadithi si ni yako, wewe mjinga!" Gorham akaruka. "Mtu anajipinga mwenyewe?"

Elwood akatoa bahasha, akaweka mezani mchoro wa Clarence, mweupe safi. Juu yake akalaza plastiki tupu. Akaweka nyingine. Nyingine. Ilipofika ya sita, Gorham akainama kutazama.

"Huyu mbuzi kalala jalalani?"

"Ndivyo atakavyotoka," akasema Elwood. "Na hapo ni sita tu. Mkiwaweka kwenye plastiki moja hawafifii, ila akina dada hapo jirani watapaka mbuzi mia kwa kila picha. Mmoja anayepiga chafya na mmoja anayesoma gazeti. Kwa hiyo hapana."

Ile hapana, Bibi anasema, hakuwahi kuisikia ikitoka kwa uchungu vile. Hata Philomena aliacha kutafuna.

Babcock akavua miwani. "Ulijua jana?"

"Nilijua tangu kioo cha pili."

"Na ukaongeza cha tatu na cha nne?"

"Kikao cha Ndiyo, mzee. Sheria ni yako."

Babcock akavaa miwani tena. "Basi imekufa. Dwight, tuambie simba wako..."

"Naomba picha arobaini na nane," akasema Elwood.

"Unaomba nini?"

"Sekunde mbili, kwenye hadithi nyingine. Kioo kimoja."

Akasimama. Hakupanda kiti, hakuigiza kitu. Alisimama kama mtu anayepimwa suti.

"Asubuhi. Clarence anafika kazini. Picha kumi na mbili, anatundika kofia. Picha nane, anageukia kioo. Kioo kitupu. Yeye hayumo."

Akanyamaza. Gorham akafungua mdomo, Elwood akainua kidole. Wakabaki vile wote, wanamtazama, yeye anawatazama, midomo yake inahesabu. Sekunde mbili, ndugu zangu, jaribu uone zilivyo ndefu kwenye chumba cha watu waliokasirika.

"Arobaini na nane," akasema. "Halafu Clarence wa kwenye kioo anaingia mbio, anafunga vifungo. Kachelewa kazini."

Kicheko kikapasuka. Ila hakikupasuka mle ndani. Kilipasuka ukutani, thelathini kwa mpigo, mpaka pini mbili zikaanguka ubaoni.

"Ukuta umecheka," akasema Babcock.

Gorham naye alikuwa ameshaanza, mabega yanatikisika. "Halafu? Halafu?"

"Clarence anamwonyesha saa, picha kumi na sita. Wa kwenye kioo anaomba radhi. Kesho yake haji kabisa. Kaumwa."

"Na kioo je?"

"Katuma mtu amshikie zamu."

"Nani?"

"Simba."

Gorham akalala juu ya meza. Dwight Ames mwenyewe, ambaye kiti kilikuwa kinamponyoka akikiona, alicheka mpaka ikabidi aombe leso. Na Elwood amesimama tu, uso mkavu, anamalizia, "Clarence anainua wembe. Simba anainua wembe. Picha ishirini na nne. Clarence ananyoa shavu moja. Simba ananyoa shavu moja. Ana haya, lakini kazi ni kazi."

"Plastiki ngapi?" Babcock akauliza.

"Mbili. Tatu akiwa na kofia."

Babcock akaandika kitu kwenye daftari, akakaa kidogo, halafu akasema kwa sauti yake ileile ya taratibu, "Alhamisi, saa tatu. Uje na kalamu. Lakini mpaka nipate mpiga picha mwingine, mchana utakuwa unashuka kulekule chini."

"Utampata lini, mzee?"

"Wiki mbili."

Basi hapo ndipo Babcock alipokosea, maana alimwambia Elwood amchague mwenyewe atakayemrithi.

Jamani! Ilichukua miaka tisa. Miaka tisa Elwood anaandika asubuhi na kupiga picha mchana, anabadili shati ngazini, la bluu kwa jeusi. Ukizitafuta katuni zile leo ukasimamisha pale mwanzo kwenye majina, utamwona mara mbili, hadithi Krasny, kamera Krasny. Kuna mtu mtandaoni anabisha nami mpaka leo kuwa hao ni ndugu wawili, na kwamba yule wa kamera ndiye alikuwa na kipaji.

Waombaji walikuja, si kwamba hawakuja. Wa kwanza alikuwa na kipara kinachong'aa. Hapana, kitatokea kwenye kioo. Wa pili alipiga mluzi. Pumzi inarusha vumbi, hapana. Mmoja alikuwa fundi hasa, ametoka studio kubwa, akakataliwa kwa sababu alisema "inatosha". Babcock alipanda na kushuka, akabembeleza, akafoka. Bibi akamwambia, "Elwood, unajikaba koo mwenyewe, wewe mtu. Andika tu, uache kile chumba." Akamjibu, "Nani ataziona alama za vidole?"

Wa ishirini na tatu alikuwa dada mmoja kutoka Fresno, Loretta Quan. Aliingia na koti jeusi, nywele kazifunga kitambaa cheusi, hana hata hereni. Elwood akamwonyesha kiti. Hakukaa.

"Samahani, Bwana Krasny," akasema. "Sijui kama unajua. Kwenye kola yako kuna uzi mweupe."

Elwood akatoka kwenda dirishani, akaigeuza kola. Upo. Wa mshono wa lile shati la bluu, umeng'ang'ania pale tangu alipobadili shati, na ilikuwa saa tisa, alikuwa ameshapiga picha mia tatu. Akarudi taratibu, akavua glavu zake, akampa.

"Sasa kaa," akamwambia.

"Nikae vipi?" akasema Loretta, anazivaa. "Kwanza tuzirudie hizo mia tatu."